Nywila Zetu Ziko Kwenye Kaunta Buku

"Pasiwedi ya mzee iko ukurasa wa 42," dogo wa steshenari aliniambia, akavuta droo na kutoa kaunta buku lenye jalada gumu, kona zake zimelika.

Alilifungua mbele yangu bila wasiwasi wowote. Mistari ilikuwa imechorwa kwa rula: jina, mfumo, barua pepe, pasiwedi. Pembeni, kwa wino mwekundu, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu zake 20. Alipekua kurasa akitafuta ya baba yangu mdogo, na kila alipogeuza niliona watu. Mama lishe mwenye leseni ya biashara. Mwalimu aliyeomba kuhamishwa. Kijana wa bodaboda na namba yake ya mlipakodi. Wanafunzi wa mikopo ya elimu ya juu walikuwa na kurasa zao peke yao, zimebanwa kwa klipu.

"Wako wangapi humu?" nikamuuliza.

"Sijawahi kuhesabu, dada. Hili ni la pili. La kwanza limejaa."

Steshenari yenyewe ni chumba kimoja Morogoro mjini: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, mashine ya kuleminishia, na benchi nje kwa wanaosubiri. Nimepita mbele ya vyumba vya namna hiyo maisha yangu yote. Sikuwahi kujiuliza kilichomo kwenye droo.

Imepita miezi miwili sasa na lile kaunta buku halijanitoka. Hunijia kila ninaposikia hoja kwamba serikali iongoze ubunifu wa kidijitali ili watu wetu waweze kushindana sokoni.

Kilichompata baba mdogo

Baba mdogo ni seremala, na madawati ndiyo kazi inayompa jina. Zamani habari za kazi za halmashauri zilimfikia kwa bahati. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi, na kama humjui mtu anayepita karibu na ubao huo, utasikia kazi imeshatolewa. Tangu 2023 ununuzi wa serikali umehamia NeST, mfumo wa zabuni mtandaoni unaosimamiwa na PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, na tangazo la shule iliyoko Kigoma linaonekana sawasawa na la shule ya jirani yake. Asilimia 30 ya ununuzi huo imetengwa kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa fundi wa karakana ya uani, huo ni mlango ambao haukuwepo.

Akajiandikisha. Kusema kweli, aliandikishwa. Dogo alimfungulia barua pepe, akatunga pasiwedi, na kwa kuwa simu ya mzee huzimika chaji kila mara, akaweka namba yake mwenyewe kwenye sehemu ya kupokea msimbo wa uhakiki.

Mwezi mmoja baadaye likatoka tangazo la madawati lililomfaa. Baba mdogo akapiga hesabu za mbao na misumari, akaandika bei yake kwenye karatasi, akaenda steshenari.

Imefungwa. Dogo amefiwa na bibi yake, yuko kijijini, mtandao haushiki.

Siku nne zilipita. Mfumo haukukosea chochote siku zile. Ulikuwa hewani, ukisubiri mtu aandike tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu isiyoshika mtandao. Muda ukaisha.

"Mwanangu," aliniambia nilipofika, "wewe si ndiyo unazijua hizi kompyuta? Hebu twende ukaongee na yule kijana."

Nilikwenda nikiwa nimekasirika. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kutunza nywila za watu ni hatari na tena ni kosa.

Jibu lake

Nilimwambia. Hakubisha. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimtolea mama mmoja kopi ya kitambulisho, kisha akasema taratibu:

"Sawa, dada. Basi leo nilichome. Hawa wote waende wapi?"

Sikuwa na jibu.

Aliendelea, na hakuwa na ukali. Wateja wake husahau nywila kila wanapotoka mlangoni. Wengine hawajui kusoma vizuri. Wengine simu zao ni vitochi, na barua pepe waliyo nayo ni ile aliyowafungulia yeye. Kila mfumo una sharti lake: huu unataka herufi kubwa na alama, ule unakulazimisha ubadilishe kila baada ya muda. Alianza kuandika baada ya mzee mmoja kupanda gari kutoka Mvomero mara tatu kwa ajili ya fomu moja.

Akanionyesha kurasa za mwisho za lile buku. Huko ameandika, kwa Kiswahili chepesi na mchoro mdogo wa mishale, hatua za kila mfumo anaoutumia: bonyeza hapa, subiri, ukiona maandishi mekundu rudi nyuma, picha ipunguze kwanza la sivyo itakataa. Ni mwongozo bora kuliko mingi niliyowahi kuandika mimi kazini. Ana pia kundi la WhatsApp analowatangazia wateja wake siku za mwisho za maombi. Hakuna aliyemtuma wala anayemlipa kwa hilo.

Tunaposema serikali iongoze ubunifu, macho huenda kwenye vituo vya vijana wenye kompyuta za mapajani. Ubunifu nilioushika mkononi siku ile ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya Bic.

Namba ya malipo

Sitaki nionekane kama mtu anayebeza kazi iliyofanyika. Nakumbuka vizuri jinsi tulivyolipa ada na tozo za serikali. Kila taasisi ilikuwa na akaunti yake. Unapanga foleni benki, unapewa karatasi ya malipo, unairudisha kwa mhasibu ambaye yuko kikaoni, naye akitoka anakuandikia risiti kwa mkono. Mwaka 2017 ukaja GePG, mfumo mmoja wa kupokea malipo ya serikali, na ile namba ya tarakimu 12 inayoanzia 99 ambayo mtaani tunaiita kontroo namba. Leo bibi anayelipia bili ya maji na mfanyabiashara anayelipia kibali hupitia mlango mmoja, na Hazina inaona fedha inapoingia.

Hapo serikali ilifanya kitu ambacho hakuna kampuni binafsi ingeweza: ililazimisha taasisi zake zote zipite njia moja. Kampuni inaweza kubuni programu nzuri kuliko ya serikali, lakini haiwezi kuiambia idara fulani ifunge akaunti yake. Vivyo hivyo na Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulioanza kujengwa 2009, na hiyo namba ya NIDA yenyewe. Kuna kazi ambazo kama dola haikuamua, hazifanyiki.

Ila nimejiuliza sana kwa nini kontroo namba ilikubalika haraka hivyo, hata kwa baba mdogo ambaye hajawahi kumtuma dogo amlipie chochote. Huwa analipa mwenyewe, kwa kitochi chake.

Jibu nililipata kwa wakala wa pembeni ya ile steshenari, mwanamke aliyekaa chini ya mwavuli. Baba mdogo alisimama pale kuweka fedha. Akampa noti, akataja namba, akasubiri meseji, akaondoka. Kisha akabonyeza *150*00#, akageuka kidogo, akaingiza namba ya siri kwa kidole gumba.

Akageuka kidogo!

Mzee yuleyule ambaye pasiwedi zake zote ziko ukurasa wa 42, aliificha namba yake ya siri hata kwangu mimi mwanawe.

Wakala hajui namba yako ya siri

Mambo yalinigeukia hapo, chini ya ule mwavuli. Nilikuwa nimeshajihubiria kwamba tatizo ni elimu, kwamba watu wetu hawajui thamani ya siri. Wanaijua sana.

M-Pesa ilipofika Tanzania 2008, waliobuni huduma hizi walikubali jambo moja mapema: watu wengi watahitaji mtu. Wakamweka huyo mtu ndani ya mchoro. Wakala ana namba yake, ana kamisheni, ana bango la gharama, na muamala wowote anaoufanya unaandikwa kwa jina lake. Zaidi ya yote, kazi yake imepangwa ili asihitaji kabisa kujua siri ya mteja. Wewe na yeye mna funguo tofauti.

Dogo wa steshenari anafanya kazi ileile, ya kuwa daraja kati ya mtu na mfumo. Lakini yeye hayumo kwenye mchoro wa mtu yeyote. Mifumo haimjui, na kwa kuwa haimjui, njia pekee ya kumsaidia baba mdogo ni kujifanya baba mdogo.

Kazi yangu ni kutengeneza programu. Nimekaa kwenye vikao vya kubuni mifumo ya aina hii, si ya serikali tu. Ukutani tunachora mtumiaji mmoja, mwenye simu yake, barua pepe yake, na chaji. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii sikumbuki mtu akichora benchi la nje ya steshenari. Mimi mwenyewe sikulichora.

Ukilitazama hivyo, habari ya ushindani inabadilika sura. Tunahesabu huduma ngapi zimehamia mtandaoni. Baba mdogo hakushindwa na seremala mwenye bei nafuu wala mwenye mbao nzuri. Alishindwa na msiba wa mtu mwingine. Soko likawa pana hadi Kigoma, na mlango wake ukabaki upana wa droo moja.

Nilichokisoma kuhusu Estonia

Niliporudi Dar nilisoma usiku, wiki baada ya wiki, na kama ilivyo ada nikaishia Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, maana ndiyo inayotajwa katika kila semina ya huduma za serikali mtandaoni. Watu milioni 1.3, ilitoka mikononi mwa Wasovieti 1991. Semina hutuonyesha matokeo: X-Road, njia ya taasisi kubadilishana taarifa, iliyoanza 2001, kitambulisho chenye chipu 2002, kupiga kura kwa intaneti 2005.

Semina hazitaji sana kilichotangulia na kilichoandamana na hayo. Mwaka 1996 Rais Lennart Meri alitangaza mpango walioupa jina la ruko la chui milia, wa kupeleka kompyuta na intaneti shuleni. Walianza na watoto, kabla mifumo mikubwa haijajengwa. Kisha mabenki na kampuni za simu wakaanzisha mfuko, na kati ya 2002 na 2004 ukawafundisha watu wazima zaidi ya 100,000 kutumia kompyuta. Katika nchi ile huyo ni karibu mtu mzima mmoja kati ya kila 10. Maktaba za umma ziliwekwa intaneti, na mkutubi wa kukuonyesha.

Kumbe nao walikuwa na benchi lao. Walilijenga makusudi.

Jambo la pili lilinigusa kama mtengeneza programu. Kule mkurugenzi wa kampuni anaweza kuingia kwenye mfumo wa kodi na kumpa mhasibu wake haki ya kujaza fomu kwa niaba yake. Mhasibu anaingia kwa kitambulisho chake mwenyewe. Kilichojazwa kinaandikwa kwamba kimejazwa na yeye, na siku ukitaka unaiondoa haki hiyo. Nywila haitoki kwa mtu. Mwananchi anaweza pia kuona ni ofisi gani imetazama taarifa zake.

Na walipopata tatizo hawakuficha. Mwaka 2017 iligundulika kasoro ya kiusalama iliyogusa vitambulisho karibu 760,000. Serikali iliitangaza, ikasimamisha vyeti vya kielektroniki vya kadi hizo mpaka zisasishwe. Nadhani imani hujengwa zaidi siku kama hiyo kuliko siku ya uzinduzi.

Najua hoja itakayokuja: sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, sisi si Estonia. Ni kweli, na kwa hesabu hiyohiyo hatuwezi kumfundisha kila mtu kwa miaka miwili. Ndiyo maana yule dogo ana thamani zaidi kwetu kuliko ambavyo angekuwa nayo kwao. Kila mji mdogo wa nchi hii tayari una mkutubi wake. Amejifundisha na anajilipa mwenyewe.

Kenya, ambako vyumba hivi wanaviita saiba, walifungua vituo vya Huduma kuanzia 2013, kaunta zenye watu, sambamba na eCitizen, tovuti yao ya huduma za serikali, iliyokuja 2014. Sisi nasi Shirika la Posta lina vituo vya Huduma Pamoja. Ni hatua nzuri. Lakini kituo kiko mjini na kina saa za kazi. Dogo hufunga saa tatu usiku, na msimu wa mikopo hulala palepale.

Shaka

Basi serikali imtambue, imsajili, impe akaunti ya wakala wa huduma za mtandao, iruhusu mwananchi amkabidhi kazi bila kumkabidhi nywila. Niliandika hivyo kwenye daftari langu, nikafurahi, na asubuhi yake furaha ikapoa.

Maana najua kutambuliwa kunavyokwenda hapa kwetu. Ukishatambuliwa unaanza kudaiwa leseni, kibali, kodi ya bango, mchango. Julai 2021 miamala ya simu, kitu ambacho watu walikuwa wamekipenda na kukiamini, iliwekewa tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Nakumbuka watu wa ukoo wetu walivyorudi kutuma fedha kwa mkono wa kondakta wa basi. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya mwaka uleule, na baadaye ikaendelea kupunguzwa, lakini niliona jinsi mazoea ya miaka 13 yanavyoweza kutikiswa kwa wiki moja. Serikali ileile inayoweza kuziunganisha taasisi zote kwa namba moja inaweza kumfunga dogo kwa tangazo moja.

Na kuna upande wake pia. Si kila mwenye steshenari ni kama huyu. Mwenye kaunta buku lenye namba za NIDA, tarehe za kuzaliwa na nywila za mamia ya watu anaweza kuomba mkopo wa simu kwa jina la mtu asiyejua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kwa jinsi ninavyoisoma, anachofanya dogo ni kuchakata taarifa binafsi. Nilimuuliza kama amewahi kuisikia. Hapana. Nikamuuliza, kati ya wanaobuni mifumo hii anayoitumia kila siku, nani amewahi kuja kukaa kwenye benchi lake, hata saa moja, aone inakokwama?

Alicheka kidogo. "Wewe ndiyo wa kwanza, dada. Na wewe ulikuja kugomba."

Sasa sijui kama usajili umfikie kwanza au ile haki ya kukabidhi kazi bila nywila. Moyo wangu unaniambia la pili. Halihitaji kumgusa dogo hata kidogo, linahitaji watu wa kazi yangu tuongeze kitufe kimoja na jina la mtu wa pili kwenye kumbukumbu. Likikamilika, kaunta buku litabaki na kurasa za mwisho tu, zile za mishale, na hizo ningependa zichapishwe na kubandikwa kila ofisi ya kata.

Ukurasa wa 42

Wiki iliyopita nilikwenda tena Morogoro. Nilimnunulia baba mdogo simu yenye betri ya kueleweka, tukaenda steshenari kubadilisha namba ya uhakiki iwe yake, na nywila iwe anayoijua yeye.

Ilituchukua saa nzima. Dogo alisogea pembeni, akatazama dirishani wakati mzee anaandika, kwa kidole kimoja, herufi moja moja, mkono wa kushoto umeifunika kibodi. Mara mbili mfumo ulikataa kwa sababu hakuweka alama. Mara ya tatu ikakubali. Msimbo ukalia kwenye simu yake mwenyewe mfukoni, naye akashtuka kisha akatabasamu.

Dogo alichukua rula, akapiga mstari mwekundu ukurasa wa 42, kona hadi kona.

"Mzee, ukisahau je?" akamuuliza.

"Nitakuja."

"Ukija nami nitakuwa sina."

Baba mdogo alimtazama, akanitazama mimi. Hakuna aliyejibu. Nje kwenye benchi walikuwa wamefika watu saba. Wa mbele alikuwa mama mwenye bahasha ya vyeti vya mwanawe anayeomba mkopo, tayari ameshasimama, simu yake imefunguliwa kabisa, anamnyooshea dogo.